Nani Atamvaa Mzee Kikoti

Gaudensi alipopanda jukwaani lilitangulia bega la kushoto, kisha mwili ukafuata.

Mwalimu Pelagia Kikoti, aliyekuwa ameketi safu ya mbele na kikombe cha chai mkononi, alikiweka chini taratibu. Bega lile alilijua tangu akiwa mtoto. Lilikuwa la kaka yake Ferdinandi, waliyemzika mwanzoni mwa masika. Sasa lilikuwa linapanda ngazi za ukumbi wa Sekondari ya Luhanyi, kwenye mwili wa mvulana wa kidato cha tatu.

"Anzia pale anapofika bwawani," alisema.

Mvulana alitembea hadi kwenye gurudumu la lango, ambalo wanafunzi wa useremala walikuwa wamelitengeneza kwa mbao nyepesi. Alisimama. Aligonga ulimi kwenye kaakaa mara moja, kama Ferdinandi alivyofanya kabla ya kazi yoyote, hata kabla ya kumenya kiazi. Akafuta viganja kwenye mapaja, akalishika gurudumu, akaanza kuzungusha. Gurudumu halikuwa na uzito wowote, lakini mgongo wake uliinama na misuli ya shingo ikamtoka, kana kwamba anasukuma chuma kilichokaa na kutu. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Mbele ya jukwaa, wanafunzi wawili walianza kukivuta kitambaa cha buluu kilichokuwa mto. Kitambaa kikanasa kwenye msumari.

"Mto umegoma kukauka!" alisema mmoja wao, msichana mrefu aliyeitwa Fausta Tawete. "Mzee Kikoti, ongeza nguvu! Igangilo kule chini bado wanakunywa!"

Darasa zima likacheka. Fausta alikuwa Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani. Yeye angeweza kumwambia Mhehe yeyote neno ambalo mwingine angelisema zingerushwa ngumi. Pelagia mwenyewe alitabasamu. Gaudensi peke yake hakucheka. Alibaki amelishika gurudumu, akitazama chini mahali mto ulipokuwa, kwa uso wa mtu wa miaka sabini.

Baada ya mazoezi Pelagia alimfuata chumba cha mavazi. Mvulana alivua shati la sare, kisha akaanza kuivua ngozi. Hivyo ndivyo wanafunzi walivyoliita vazi lile jembamba la nyuzi za kijivu lililobana mwili kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Kwenye barua za Idara ya Mashahidi lilikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Shahidi alilivaa akiwa hai, miezi mitatu, akilima, akila, akipanda ngazi, na mwisho akionesha kwa mwili wake lile tukio ambalo Idara ilitaka lisipotee. Nyuzi ziliusoma mwili wake. Baadaye, kwenye mwili wa mwanafunzi, nyuzi zilezile zilivuta kidogo hapa na kulegeza pale, mpaka mtoto aliyezaliwa baada ya tukio akajikuta anasimama kama yule aliyekuwepo.

Kwa hiyo historia haikukaririwa tena. Kila darasa lilipewa tukio moja kwa mwaka na kulipandisha jukwaani. Kidato cha tatu walipewa mwaka wa tatu wa Kiangazi Kikuu, siku lango la bwawa la Luhanyi lilipofungwa ili maji yaliyobaki yaende mjini, na watu wa Igangilo, chini ya bwawa, wakahama.

"Maji," alisema Pelagia.

Gaudensi alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji baridi. Ndio ulikuwa utaratibu: maji, jina, mwendo.

"Jina?"

"Gaudensi Kikoti."

"Nenda mlangoni urudi."

Alikwenda na kurudi. Bega lilikuwa juu.

"Rudia."

Akarudia. Safari hii bega lilishuka kidogo, lakini alipofika mbele yake aligonga ulimi kabla ya kusema, "Nimechoka tu, mwalimu."

Masalio, ndivyo Idara ilivyoyaita mabaki hayo ya shahidi mwilini. Kwa kawaida yalimtoka mwanafunzi kabla ya chakula cha jioni. Yakionekana kesho yake, mwanafunzi aliondolewa kwenye nafasi na sanduku la ngozi likafungwa. Pelagia alikuwa ameyaona kesho yake, na kesho yake tena, na hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba onyesho limekaribia. Alijiambia pia kwamba Gaudensi ni mjukuu wa Ferdinandi, kwa hiyo lazima wafanane.

* * *

Kesho yake aliwakalisha darasani bila mavazi.

"Jana tumeona nini?" aliuliza. "Na nini hatukukiona?"

"Tumeona mkono haukutetemeka," alisema mmoja.

"Kwa hiyo hakujali," akasema mwingine.

"Subirini," alisema Pelagia. "Ngozi ilivaliwa lini?"

"Mwaka juzi."

"Na lango lilifungwa lini?"

Wakapiga hesabu za vidole. "Zamani sana. Hata baba yangu alikuwa hajazaliwa."

"Kwa hiyo ngozi inaujua mkono upi? Ni mkono wa mzee aliyekuwa anaonesha namna alivyofunga. Mzee aliyekwisha kulisimulia jambo hilo mara nyingi, kanisani, ofisini, kwenye pombe ya ulanzi. Mkono wa siku ile yenyewe haukurekodiwa na mtu. Labda ulitetemeka. Labda haukutetemeka. Mashine haiwezi kutuambia."

"Sasa tunajifunza nini, mwalimu?" aliuliza Fausta. "Si bora tungesoma tu kitabu tukalala?"

Kabla Pelagia hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya darasa, nzito, iliyokauka.

"Niliambiwa nifunge, nikafunga."

Wote waligeuka. Gaudensi alikuwa ameegemea ukuta, mikono imekunjwa kifuani.

"Nani aliambiwa?" aliuliza Fausta.

"Mzee. Mzee aliambiwa."

"Umesema 'niliambiwa'."

"Ni maneno ya ushahidi."

"Ushahidi uko kwenye sanduku, Gau. Wewe uko hapa kwenye dawati, una madoa ya wino."

Wenzake walicheka, na Gaudensi alitazama vidole vyake kana kwamba amevikuta mahali. Pelagia alifunga kipindi mapema. Alipokuwa anafuta ubao alikumbuka siku ya kugawa nafasi. Mwalimu mwenzake alimshauri ampe Fausta. Kwa watu wa huku, alisema, anayemuiga marehemu ni mtani, hajapata kuwa mtu wa nyumba yake. Msibani mwa Ferdinandi ilikuwa hivyohivyo. Mzee mmoja wa Kingoni alivaa koti la marehemu na kofia yake, akazunguka uani akikemea watu kwa sauti ya Ferdinandi, akamtaka mjane amletee maji ya kunawa, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka wakiwa na machozi. Halafu akalivua koti, akalitupa chini, akaomba chakula chake. Kabla jua halijazama alikuwa mtu mwingine, na Ferdinandi alikuwa kaburini.

Lakini Pelagia alikuwa na jibu. "Mjukuu naye ni mtani wa babu yake," alisema. Na nyumbani ni kweli. Mjukuu humtania babu kuhusu meno na bibi humwita mjukuu mume wake, na hakuna anayekasirika. Mwalimu mwenzake hakubishana naye. Mtu habishani na mfiwa.

* * *

Jumapili, baada ya misa, Pelagia alikwenda kwa wifi yake. Yusta alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene. Kaa, kuna viazi vimeiva."

Gaudensi alikuwa anaishi hapo tangu wazazi wake waende kufanya kazi pwani. Aliingia muda mfupi baadaye kwa mlango wa nyuma. Alifuta viatu kwenye gunia, mara mbili mguu wa kulia, mara moja wa kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kinachotazama mlango. Yusta alimletea chakula katika bakuli la bati. Pelagia alilijua bakuli lile la kaka yake.

"Mume wangu," alisema Yusta, "chumvi imetosha?"

Neno lenyewe lilikuwa la siku zote. Tangu mvulana alipoanza kutambaa, Yusta alimwita mume wangu. "Mume gani huyu, hata kuni hawezi kupasua!" angesema, na mtoto angejibu, "Na wewe mke gani, huna hata jino la kutafunia!" na Ferdinandi, katika kiti kilekile, angeuliza kama na yeye anaruhusiwa kuishi katika ndoa hiyo. Leo hakuna aliyecheka. Gaudensi aligonga ulimi.

"Imetosha," alisema.

Yusta alifumba macho kidogo aliposikia sauti ile.

Na Pelagia, aliyekuwa amekuja na wasiwasi wake wote, alijikuta anasema, "Ule uzio wa shamba la juu umeanguka. Sijui niweke miti au waya." Akanyamaza akisubiri jibu. Ilichukua muda kabla hajagundua kwamba anamsubiri mtoto wa miaka kumi na sita amwambie la kufanya, kwamba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akimwinamishia kaka yake.

"Weka miti," alisema Gaudensi. "Waya wataiba."

Nje zilisikika sauti za vijana na mpira unaodundadunda. "Gau! Gau wee! Hatuna kipa!"

Mvulana aliinua mkono kupitia dirishani bila kuinuka. "Leo siwezi. Magoti."

"Magoti yamefanyaje?"

"Baridi ikikaza yanauma."

Vijana waliguna, mmoja akauliza kama wamletee na mkongojo, wakaenda zao. Pelagia alikiweka chini kiazi alichokuwa anamenya. Magoti ya Ferdinandi yaliharibika kwa miaka thelathini ya kupiga magoti kwenye zege lenye unyevu, akipaka grisi mashine za bwawa. Magoti ya mtoto huyu hayakuwa yamefanya lolote.

Gaudensi alipokwenda kulala kidogo, usingizi wa mchana kama wazee, wanawake wawili walibaki na ungo.

"Usiniambie umekuja kumvua," alisema Yusta bila kuinua macho.

"Wifi, ni mtoto."

"Najua ni mtoto. Baba yake nimemzaa mimi. Lakini jioni akifika hapo mlangoni nikasikia anavyofuta viatu, moyo wangu unakaa chini. Tangu masika nilikuwa silali. Sasa nalala."

"Na yeye magoti yanamuuma."

"Watoto wote wanalalamika."

"Umemsikia akicheka wiki hii?"

Yusta aliokota kokoto kwenye maharage, akaitupa nje ya mlango. Akaokota nyingine.

"Wewe ndiye uliyempa," alisema hatimaye. "Mimi sikukuomba, Pelagia. Nilikuwa nimekwisha kujikaza kama wanawake wenzangu. Umeniletea mtu mpaka ndani, nimempakulia, nimemzoea. Sasa unataka kuja kumchukua, nimzike tena?"

Njia nzima ya kuja pale Pelagia alikuwa anawaza jambo hilohilo: na yeye angemzika kaka yake mara ya pili. Aliinuka, akasuuza mikono, akaaga.

* * *

Jumatatu wakati wa mapumziko alimwita Gaudensi kwenye chumba cha mavazi. Sanduku lilikuwa mezani, limefungwa. Asubuhi alikuwa amepiga simu Idara na kusema yote, pamoja na siku alizonyamaza. Walimsomea onyo, kisha wakalifunga sanduku kutoka hukohuko waliko. Taa yake ndogo ilikuwa nyekundu.

"Hutavaa tena," alisema.

"Onyesho ni Ijumaa."

"Fausta atacheza."

"Fausta?" Bega lilipanda. "Fausta atamfanya kichekesho!"

"Ndiyo."

"Watu wa Igangilo watakuwepo. Watamcheka babu mbele yetu, na wewe utakaa unaangalia?"

"Nitakaa naangalia. Na wewe utakaa karibu yangu."

Alitazama sanduku. Alipozungumza tena hakumwita mwalimu.

"Bibi, nikimvua ataenda wapi?"

Pelagia alikaa kwenye kigoda cha mavazi. Alitafuta maneno ya kiualimu, hakuyapata.

"Sijui," alisema. "Lakini hawezi kukaa kwako. Wewe huna nafasi. Una mambo yako mengi yanakuja."

"Nikiwa naye najua nisimame vipi. Nikivua sijui hata mikono niiweke wapi."

"Umri wako ndivyo ulivyo. Hata babu yako hakujua. Alikuwa anaiweka mfukoni mpaka suruali zinatoboka."

Mvulana karibu atabasamu, kisha akakumbuka hasira yake. "Wewe ndiye uliniambia nafanana naye."

"Nilikuambia. Nilikuwa namtaka yeye, nikakutumia wewe. Nisamehe."

Mvulana aliugeukia mlango. Alitoka, na kwenye varanda mwendo wake ulikuwa wa polepole, wa mtu anayeyahurumia magoti.

Fausta alipoitwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ngozi siitaki, mwalimu. Hata wakiifungua."

"Kwa nini?"

"Mtu akimuiga marehemu sawasawa, watu watamsalimia. Mimi nataka wacheke. Nipe koti tu, lile kubwa la kwenye boksi. Na kofia. Na ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kusema."

"Utasema nini?"

"Nikikuambia sasa, Ijumaa hutacheka." Alisita mlangoni, na sauti yake ikapungua mzaha. "Bibi yangu ni wa Igangilo, unajua? Yeye na dada yake waliolewa kule. Walipohama alibeba mlango wa nyumba yake kichwani. Nyumba aliiacha, mlango akaubeba. Mpaka leo tunao, tumeufanya meza. Nimefanya kazi zako zote za nyumbani juu ya mlango huo."

* * *

Ijumaa mchana ukumbi ulijaa. Hakuna aliyewapanga watu, lakini familia za Igangilo zilikaa kulia na ukoo wa Kikoti ukakaa kushoto, na katikati ukabaki ujia mpana kuliko ilivyohitajika. Pelagia alikaa safu ya mbele. Kulia kwake Gaudensi, na baada ya Gaudensi, Yusta, amejifunika mgolole mweusi hadi kidevuni. Alikuwa hajamsemesha wifi yake tangu Jumapili.

Fausta aliingia kutoka nyuma ya watu. Koti lilimfika kwenye miguu na kofia ilikuwa imemeza masikio. Bega la kushoto alikuwa amelipandisha mpaka likagusa kofia, na alitembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Aligonga ulimi kwa sauti ya kupasua kuni.

"Nani amehamisha gurudumu langu?" alifoka. "Kufa kidogo tu mmeshaanza kuhamisha vitu!"

Kicheko kilianzia kwa akina Kikoti wenyewe. "Ndiye!" alisema mzee mmoja akijifuta macho. "Ndiye mwenyewe huyo!"

Fausta alikuja hadi safu ya mbele, akamwinamia Yusta.

"Mke wangu, mbona umekonda? Mimi ndiye niliyekufa, wewe unakonda kwa kazi gani?" Watu walicheka. Yusta aligeuza uso. "Au umepata mwingine? Ni huyu?" Alimnyoshea Gaudensi kidole kilichopotea ndani ya mkono wa koti. "Huyu? Hata ndevu hana! Yusta, ungesubiri basi arobaini iishe!"

Ukumbi ulipasuka. Gaudensi alitazama sakafu, masikio yamemwiva. Lakini Pelagia aliona Yusta ameuma ukingo wa mgolole, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia.

Fausta alipanda jukwaani. Alilishika gurudumu.

"Niliambiwa nifunge," alisema, akazungusha. "Nani aliniambia? Jina nimesahau. Alikuwa na gari zuri." Upande wa Igangilo kulisikika kicheko kifupi, cha watu wasiotaka kucheka. "Nikamuuliza, na walioko chini? Akasema, watapewa taarifa. Basi, mimi ni nani? Nikafunga."

Kitambaa cha buluu kikaanza kuondoka. Safari hii hakikunasa. Kiliteleza taratibu hadi sakafu ya mbao ikabaki tupu, na juu ya sakafu hiyo wanafunzi walianza kupita mmoja mmoja na mizigo vichwani: godoro, sufuria, mtoto wa mbuzi wa matambara. Wa mwisho alibeba mlango. Ulikuwa mlango wa kweli, wa mninga, una alama za vikombe na wino. Kicheko kilikatika.

Fausta alimtazama aliyebeba mlango akipita, kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine.

"Mimi nikarudi nyumbani," alisema. "Nikanawa mikono. Nikala."

Aliketi chini, akakunja miguu, akaanza kumega tonge la hewa. Alilifinyanga, akalichovya, akalitia kinywani, akatafuna bila haraka. Akamega lingine. 

"Hakula hivyo!"

Gaudensi alikuwa amesimama. Sauti yake ilipanda na kukatika katikati, sauti ya mvulana.

"Alikulaje?" aliuliza Fausta, tonge liko mkononi.

"Babu hakuwa mtu wa kukaa anakula huku watu wanapita na mizigo!"

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Basi panda utuoneshe. Si ndiye wewe?"

Gaudensi alitoka kwenye benchi, akasimama kwenye ujia. Hakuwa na ngozi mwilini, alikuwa na sare tu, lakini mbele ya macho ya ukumbi mzima bega la kushoto lilianza kupanda, kiuno kikajikunja, na kwa muda mfupi Ferdinandi Kikoti alikuwa amesimama katikati ya watu wake na watu wa Igangilo. Yusta alishika benchi kwa mikono miwili. Pelagia alimtazama kaka yake kwa macho yake yote.

Kisha mvulana aliinua mkono wa kulia, akauweka juu ya bega lile, akalisukuma chini. Alilishikilia hapo kama unavyomshikilia mtoto asiinuke wakati wa kunyolewa.

"Siwezi kuwaonesha," alisema. "Sijui alikulaje. Mimi nilizaliwa baadaye sana. Babu alisema aliambiwa afunge, akafunga. Nilimuuliza mara moja kama aliwahi kujuta. Akaniambia nikalete kuni. Nilivyorudi na kuni alikuwa amelala. Ninalolijua ni hilo tu."

Pelagia aliinamisha kichwa. Alijua kwamba hatamwona tena kaka yake, na alijua pia kwamba hakutaka kumzuia mtoto.

Fausta alilivua koti, akalitupa juu ya gurudumu. Chini yake alikuwa msichana mwenye sweta la shule, jasho linamtiririka.

"Na mimi ninalolijua ni mlango tu," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Hapo ndipo onyesho lilipopaswa kuisha. Wanafunzi walikuwa wameanza kushikana mikono ili wainame. Lakini katika safu ya mbele mwanamke mzee alikuwa anainuka, na watu walisogeza miguu kumpisha.

"Alikula," alisema Yusta.

Hakusema kwa nguvu, lakini alisikika hadi nyuma.

"Alikula, na mimi ndiye niliyempakulia. Aliniambia ametoka kufanya nini, nikamwongezea mboga." Alimtazama Fausta. "Mmeweka gurudumu, mmeweka mto, mmeweka mtu wa gari zuri. Mwaka mzima mnahangaika na mkono wa mume wangu, ulitetemeka, haukutetemeka. Mimi mbona simo?"

Fausta alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa na mzaha tayari.

"Bibi," alisema, "wewe uko hai. Tukuweke vipi? Panda mwenyewe."

Yusta alizitazama ngazi za jukwaa. Gaudensi alirudi kutoka kwenye ujia, akamshika kiwiko. Walipanda pamoja, ngazi moja moja, na bibi alimwegemea kwa uzito wake wote, na mvulana aliyumba kidogo akausimamisha mguu vizuri.

"Polepole, Gaudensi," alisema Yusta.

Alipofika juu aliuachia mkono wake. Mvulana alishuka, akaketi sakafuni mbele ya jukwaa pamoja na wenzake, mikono yake akiwa hajui aiweke wapi, akaishia kuikalia. Upande wa kulia bibi kizee mmoja alikuwa amesimama akisema hasikii vizuri. Alivuka ujia akisaidiwa, akaja safu ya mbele, na Pelagia alisogea akampa nafasi iliyokuwa ya Gaudensi.

Yusta aliutazama ule mlango wa mninga, kisha watu waliokaa kulia.

"Ilikuwa mboga ya maboga," alianza. "Niliichuma asubuhi ile, chini ya bwawa, kwenye mashamba yenu. Bado ilikuwa na umande."